Ini la Bunju

Septemba 1774, merikebu ya Kiingereza iitwayo Resolution ilitia nanga Balade, katika kisiwa ambacho nahodha wake, James Cook, alikipa jina la New Caledonia. Mwenyeji mmoja alivua samaki, karani wa Cook akamnunua. Alikuwa wa ajabu, kichwa kikubwa na sura mbaya. Johann Reinhold Forster na mwanawe Georg, wataalamu wa viumbe waliosafiri naye, walimtilia shaka. Cook akawatoa hofu: samaki wa namna hiyo alikwishamla pwani ya Australia katika safari iliyotangulia, na hakudhurika.

Kumchora na kuandika habari zake kukachukua muda mrefu, jioni ikawakuta hajatayarishwa. Likapikwa ini na mayai yake tu. Samaki huyo alikuwa wa jamii ya bunju, na sumu ya bunju hukaa zaidi katika ini na mayai. Moto wa jikoni hauiondoi.

Walionja kidogo. Kama saa tisa usiku viungo vikawafa ganzi, na Cook akawa hajui mkononi mwake kipi kizito, chombo kilichojaa maji au unyoya. Wakanywa dawa ya kutapika, wakapata nafuu. Asubuhi nguruwe aliyekula matumbo ya samaki yule alikutwa amekufa.

Kisha wenyeji wakapanda merikebuni. Walipomwona samaki ametundikwa, walionyesha papo hapo, kwa ishara na kwa kuchukizwa, kwamba haliwi. Cook aliandika kwamba wakati wa kuuza hakuna aliyewatahadharisha. Siwezi kuwalaumu wauzaji. Wenye maarifa walikuwa pale pale ufukweni, nao wasomi wa merikebuni wakategemea macho yao na kumbukumbu ya nahodha.

Kumbukumbu hiyo ndiyo inayotuponza wengi tunaosafiri. Nilikula kule, sikufa, basi hata hapa nitakula! Lakini bunju wako aina nyingi, na sumu yao hutofautiana kwa aina, kwa mahali na kwa msimu. Mvuvi wa pwani yetu anayemtupa bunju atamkuta Japani akiandaliwa kwa heshima, akiitwa fugu, na mpishi mwenye leseni anajua cha kukata na cha kutupa. Hata huko, mwigizaji mashuhuri wa kabuki, Bando Mitsugoro wa 8, alifariki Kyoto Januari 1975 baada ya kula maini ya samaki huyo.

Kwa hiyo ugenini usiulize tu kama chakula ni kitamu. Uliza: nyinyi wenyewe mnakula sehemu ipi, mnatupa nini, watoto wenu mnawapa? Huko Jamaika tunda la ackee ni chakula cha kila siku, lakini husubiriwa lipasuke lenyewe mtini. Likichumwa bichi na kupikwa, humtapisha mlaji na linaweza kumuua, na mtoto wa huko ataweza kukueleza hayo.

Na midomo au ulimi ukianza kufa ganzi baada ya mlo wa samaki, usingoje kupambazuke. Sumu ya bunju haina dawa ya kuivunja. Mgonjwa husaidiwa kupumua, kwa mashine ikibidi, mpaka mwili uitoe. Nenda hospitali mara moja, ukawaambie ulikula nini, na waliokula nawe waende pia, hata kama bado hawajahisi chochote.