Dhambi ya Udongo Unaosafiri

Mto Nzoia unapofurika Budalang'i, magharibi mwa Kenya, waumini wengi husema ni mapenzi ya Mungu. Kauli hiyo ina unyenyekevu, ila pia ni maficho mazuri. Nzoia hukusanya maji ya Milima ya Cherangani na Mlima Elgon, hupita kwenye mahindi ya Trans Nzoia, huteremka Webuye katika Bungoma, na kuishia Ziwa Victoria. Kwenye kila kona, mkondo hula ukingo wa nje na kuacha mchanga upande wa ndani. Hayo ni maumbile, na bila tope hilo tambarare yenye rutuba ya Budalang'i isingekuwepo. Lakini Mungu hakumwagiza mtu kulima kufuata mteremko hadi mizizi ya mahindi ining'inie juu ya maji. Shamba likilimwa hivyo, kila mfuo ni mfereji, na mvua moja kubwa huteremsha udongo wa juu mtoni. Huko chini mkondo hupoteza kasi, tope hutua, mto hupungua kina, nayo matuta ya kuzuia mafuriko huzidiwa. Yalivunjika 2003, yakavunjika tena 2008.

Mkulima wa Kitale, huko Trans Nzoia, atateta kwamba udongo wake ni kidogo mno, na aliyefurikiwa hamjui hata kwa sura. Torati ilikwisha kulijibu hilo: anayechimba shimo akaliacha wazi hulipa ng'ombe wa mwenzake akitumbukia humo, ingawa hakukusudia. Wingi wa wachimbaji haufuti deni. Bahari ya Malindi hugeuka kahawia kwa udongo wa bara ulioletwa na Mto Sabaki, na hakuna shamba moja la kulaumiwa. Je, basi hakuna mwenye kosa?

Hoja nzito zaidi ni ya umaskini. Kanuni za maji zinataka mita 6 hadi 30 za ukingo ziachwe bila kulimwa, na kwa mwenye robo ekari Bungoma hizo ni sufuria kadhaa za ugali. Kwake wajibu ni mwepesi: apande majani ya nepia ukingoni, ng'ombe wale, mizizi ishike udongo. Mwenye ekari mia hana udhuru huo, wala kanisa lenye shamba kando ya mto. Wahubiri, msingoje kuchangisha mablanketi baada ya mafuriko. Lisemeni kosa hili Februari, matrekta yakiwa bado shambani, na muanze na ardhi ya kanisa.