Kumtibu Kasa: Ni Hisani au Ni Deni?

Kasa akimeza ndoana ni taabu kuitapika. Umio wake umejaa miiba iliyoelekea tumboni, kiingiacho hakirudi. Na mshipi ukiifuata ndoana, matumbo hujikunja juu yake, na huweza kukatika. Auvutaye kwa huruma humzidishia jeraha. Dawa yake ni picha ya eksirei, kutiwa ganzi, na pengine kupasuliwa na tabibu wa wanyama. Huko Watamu wako waliojitolea kuwahifadhi kasa tangu mwaka 1997, na wavuvi huwaita wamnasapo mmoja.

Wako wanaouliza: "Watu wana njaa, kasa atibiwe kwa nini?" Swali hili lastahili jawabu. Lau maradhi haya yangekuwa ya bahari, tungesema kumtibu ni hisani, na hisani huanza kwa aliye karibu. Lakini ndoana haikuota mwambani. Ni mkono wetu ulioitupa. Avunjaye mtungi wa jirani bila ya kukusudia hana dhambi, lakini mtungi ataulipa. Nia njema huondoa lawama, haiondoi dhamana. Wala mwenye deni hajitetei kwa sadaka aliyompa mwingine.

Twamsifu yule aliyemnywesha mbwa mwenye kiu, na kiu ile hakuileta yeye. Sisi je, tulioileta ndoana?

Kasa hana ulimi wa kudai, wala kadhi wa kumshitakia. Ndiyo maana deni lake ni mtihani wetu. Basi, ndugu zetu, tusitupe mishipi mikuukuu baharini. Na tumpatapo kasa aliyemeza ndoana, tusivute, bali tumfikishe kwa matabibu.