Sadaka za Korneli

Wakatekumeni wapenzi, wengine mwauliza: "Mbona mpagani humlimia mjane shamba la mihogo, na Mkristu humpita akienda Misa?" Neno hilo mara nyingi ni kweli, nalo latutia haya. Lakini msiseme: "Basi Ubatizo una faida gani?" Mtazameni Korneli, mkuu wa askari wa Roma huko Kaisaria (Matendo 10). Hakuwa Myahudi wala Mkristu, lakini sadaka zake kwa maskini zilifika mbele ya Mungu. Je, aliambiwa kwamba zatosha? La! Aliagizwa kumwita Petro, akabatizwa. Neema ikaukamilisha wema wake. Ubatizo huo huo watutwika deni zito: kumpenda hata adui. Basi, kabla ya kuuomba, kila mmoja ajiulize: Kijijini mwangu, ni nani ninayempita?