Adabu za Kuaga Dodoma

Nasaha za kuingia kazini ni nyingi, na hakuna mzazi asiyekuwa nazo za kumpa mwanawe siku anapomfungia sanduku: vaa hivi, amkia hivi, fika mapema. Za kutoka ni haba, kana kwamba hodi ni ya mwenye kuingia peke yake, na mwenye kutoka amesamehewa adabu zote. Kwa hiyo, mwanangu, wewe uliyepelekwa Dodoma na chuo chako kwa mafunzo kwa vitendo katika miezi hii mikavu iliyo kati ya Julai na Septemba, nami nikijua ya kuwa siku zako za huko sasa ni za kuhesabika, na nia yako imekwisha kupanda treni ikauacha mwili ofisini, nimeona heri nikuandikie machache juu ya kuaga.

Siku za mwanzo mtu hutenda mema kwa hofu na kwa tamaa, hofu ya kugombezwa na tamaa ya alama, wala hilo si sifa kubwa. Lakini msimamizi akiisha kuijaza fomu ya tathmini, akaitia sahihi, akaipiga muhuri na kuifunga katika bahasha, hana tena cha kukupa wala cha kukunyima. Na katika siku chache zinazosalia baada ya hapo ndipo hulka ya mtu inapotoka hadharani. Wako vijana ambao kwa majuma 8 walikuwa wa kwanza kufika, na baada ya muhuri ule hawakuonekana tena ila saa ya chai.

Anza na jalada. Kama ulipangiwa masjala, unajua ya kuwa kila barua iingiayo katika jalada hupewa namba yake, juu pembeni mwa ukurasa, ili atakayelifungua baada ya miaka atambue kama kuna karatasi iliyonyofolewa. Na kila jalada litokalo huandikwa limekwenda kwa nani na tarehe gani. Serikali nzima, pamoja na ukubwa wake, imesimama juu ya namba hizo ndogo, maana ndizo zinazowafanya watu wasioonana waaminiane. Basi usiondoke umeziacha barua ambazo hukuzitia namba, umezisukuma chini ya trei ili zigunduliwe na mwingine. Karatasi unayoiona wewe kuwa karatasi tu huenda ni ombi la mjane anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe, au la mwalimu wa Nachingwea aombaye uhamisho ili aishi na mkewe; nayo ikilala chini ya trei, mwenyewe halali huko aliko, kwa kuwa kila apigapo simu hujibiwa ya kuwa jalada lake halijaonekana. Kamilisha unachokiweza, na usichokiweza kiandike katika ukurasa mmoja, kwa mwandiko wa kusomeka, ya kuwa hili limefika hapa na lile halijaanzwa, kisha umkabidhi karani mkononi. Palipo na mfumo wa kompyuta, omba nywila yako ifungwe mbele ya macho yako. Kitambulisho cha muda, funguo, kitabu ulichoazima, yote ni amana, na muungwana hurejesha amana kabla ya kudaiwa.

Amana iliyo nzito kuliko funguo ni yale uliyoyasoma na kuyasikia. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zimekwisha kuyasema haya kwa lugha ya adhabu. Mimi nayasema kwa lugha ya murua. Usichukue nakala kwa kisingizio cha kuandikia ripoti ya chuo, kwani ripoti yaweza kueleza namna kazi ilivyofanyika pasi na kutaja mshahara wa fulani wala maradhi ya fulani. Na ile picha ya kuagana, ambayo zama hizi haikosi, ipigeni nje chini ya mti: huko ndani, nyuma ya tabasamu zenu, pana jalada limefunuliwa mezani, na simu za leo husoma herufi ndogo kuliko macho ya mzee kama mimi.

Juu ya kitabu cha kumbukumbu za kila siku sina mengi. Usikijaze chote kwa usiku mmoja na wino mmoja, Jumatatu ya Julai ikafanana neno kwa neno na Ijumaa ya Septemba. Wahadhiri nao walipata kuwa wanafunzi.

Katika kushukuru, aghalabu vijana wetu huanzia juu na huishia juu. Humwendea mkurugenzi aliyewaona siku ya kupokewa na siku ya kuaga, wakamsomea maneno mazuri, na wakampita mlangoni katibu muhtasi aliyewafundisha kuandika dokezo sabili, na mhudumu wa ofisi aliyewawekea chai pasipo kuulizwa, na dereva wa basi la watumishi aliyewangoja asubuhi walipochelewa kwenda Mtumba. Waanze hao. Mkurugenzi atashukuriwa na wengi baada yako, lakini kwa mhudumu huenda wewe ukawa wa kwanza mwaka huu. Tena ukumbuke ya kuwa wengi wa wenyeji wako ni wageni kama wewe: shauri la kuuhamishia Dodoma mji mkuu lilikatwa 1973, likakawia miaka mingi, serikali ikahamia kwa kishindo baada ya 2016, na sheria ya kuutangaza rasmi kuwa makao makuu ya nchi ikaja 2018, kwa hiyo karani uliyemwona mkali Jumatatu asubuhi labda amewaacha wanawe Temeke, na usiku kucha alikuwa njiani. Wenyeji wa asili ni Wagogo, waliokupangisha chumba na kukuuzia maji na mboga. Usiondoke mjini mwao bila ya kuwaamkia kwa salamu yao, Mbukwenyi, hata kama ulimi wako wa pwani utaikwaza kidogo.

Liko jambo moja linaloharibu kuaga kuliko yote, nalo ni kuomba kazi mkono ukiwa ndani ya mkono. Ajira za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na watu husailiwa. Mkubwa unayemshika siku ile hana kazi mfukoni, na kwa kumbana unamlazimisha achague kati ya kukudanganya na kukuvunja moyo, nao wengi, kwa wema, huchagua kudanganya. Hapo kijana hurudi nyumbani na ahadi, akakaa mwaka mzima akiingojea simu. Omba lililo halali: ruhusa ya kumtaja kuwa mdhamini wako utakapoandika maombi, na ushauri wa upungufu aliouona kwako. La pili ndilo gumu, na akikuambia, usijitetee.

Madeni ya mama lishe yalipe siku ya kabla ya safari, si asubuhi ya safari, maana asubuhi ile kila mtu husema atatuma kwa simu. Mwenye nyumba umfungulie chumba akione. Zabibu za msimu huu ni njema, nawe utataka kuwapelekea jamaa ndoo nzima. Wapelekee, ila fungu moja lianzie kwa jirani aliyekuazima jiko.

Ukiisha kufika kwenu, mwandikie msimamizi wako barua fupi kabla juma halijapita. Mweleze jambo moja ulilojifunza kwake, ulitaje kwa jina lake, kwa kuwa shukrani ya jumla hupewa kila mtu. Usiambatanishe wasifu wako na barua hiyo.