Je, Yafaa Kumwambia Mwenzako Mwisho wa Hadithi ya Kale?

Jioni mzee aanzapo hadithi ya sungura na chui, mara nyingi yuko kijana asiyeweza kungoja. Husema kwa sauti, "Sungura ataponyoka!" Akikemewa hujitetea, "Hadithi hiyo ni ya zamani, nani asiyeijua?" Je, amekosa?

Neno lake lina ukweli kidogo. Toka Lusangi hata Kabambare, hadithi moja husimuliwa mara nyingi, wala watu hawachoki nayo. Wazee wakieleza vita vya Waarabu na Wazungu, twajua kwamba mji wa Kasongo ulitekwa mwaka 1893; hata hivyo twatega masikio, tupate kusikia ilikuwaje. Na Yezu mwenyewe, katika Evanjili ya Marko, aliwatabiria wafuasi wake mara tatu ya kuwa atauawa na kufufuka. Hakuwaharibia kitu. Sisi nasi twajua kaburi litakuwa tupu, na bado Ijumaa Kuu twasikiliza Mateso yote tangu mwanzo.

Lakini mfikirini nabii Natani. Mfalme Daudi alikuwa amemtwaa mke wa Uria, akamfisha mumewe vitani. Natani hakumkaripia kwanza. Alimpa mfano wa tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi akawaka hasira, akakata neno kwamba mtu huyo astahili kufa. Hapo ndipo Natani alipomjulisha ya kuwa mtu huyo ni yeye. Basi, kama mtumishi mmoja angalinong'ona mapema, "Mfalme, anakusema wewe," Daudi angalijihami, wala asingalijihukumu kwa kinywa chake mwenyewe.

Kwa hiyo umri wa hadithi si kipimo. Mfano uliozeeka kwako ni mpya kwa mtoto aliyeketi kando yako, naye hajapata bado kuamua moyoni mwake nani mwema, nani mbaya. Ukimkatizia, humwibii kuku wala mbuzi, nami sisemi ni dhambi ya kupeleka kwenye kitubio (mzee msimulizi huenda akaona vingine!). Lakini umemnyima zamu yake, na zamu hiyo hairudi. Akikuuliza mwenyewe, mwambie. Na katekista akisoma habari za Yozefu aliyeuzwa Misri, ninyi mlioisikia mwaka jana nyamazeni, wapya wangoje mpaka Yozefu mwenyewe awajulishe ndugu zake yeye ni nani.