Tembo Haruki: Je, Amepungukiwa?

Watoto wana maswali ambayo sisi wakubwa tumezoea kuyacheka, kumbe ndani yake mna jambo zito. Moja ni hili: panzi anaruka, chura anaruka, paka anaruka juu ya ukuta, mbona tembo, mwenye nguvu kuwapita wote, hawezi kuruka? Na nyuma yake hufuata swali jingine: je, Mungu amemnyima tembo kitu?

Tujibu kwanza lile la kwanza. Mnyama atakaye kuruka hana budi kukunja miguu yake, kisha kuinyosha kwa ghafula, hata mwili mzima uache ardhi. Miguu ya tembo haikuumbwa kwa kazi hiyo. Mifupa yake imesimama wima, mmoja juu ya mwingine, kama nguzo za kanisa. Tembo dume wa Afrika aweza kufika tani 6, na mzigo huo wote huchukuliwa na nguzo hizo nne. Hata akienda mbio, walau mguu mmoja hubaki chini. Wataalamu waliowapima tembo wa Asia huko Thailand walitangaza mwaka 2003 kwamba waliona mwendo wa kilometa 25 kwa saa, na hata hivyo wanyama hao hawakuiacha ardhi kabisa.

Sababu yake ilielezwa na Galileo wa Italia katika kitabu cha mwaka 1638. Tuitazame kwa mfano wa tofali. Tengenezeni tofali moja, kisha jingine lenye urefu, upana na kimo mara mbili. Hili la pili litakuwa na uzito mara 8, lakini mahali linapokalia patakuwa mara 4 tu. Basi kila sehemu ya chini yake inabeba mara mbili. Ndivyo ilivyo kwa viumbe: mwili unapokua, uzito hukua upesi kuliko nguvu ya mifupa. Pofu mwenye kilo 500 na zaidi bado huruka ua mrefu. Tembo amekwisha kupita mpaka huo. Ukubwa wake una bei yake.

Lakini tazameni anachofanya kwa ukubwa huo. Huangusha miti, hufungua njia porini, huchimba mchanga mpaka maji yatokee na wanyama wengine wanywe, na mbegu alizokula huzipanda mbali kwa mavi yake. Kazi hizo panzi hawezi.

Sasa tuje kwenye swali la pili. Mtakatifu Thomaso wa Akwino, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 13, alitufundisha kupambanua aina mbili za kukosa. Jiwe halioni, wala hakuna mtu aliyelihurumia jiwe akaliita kipofu, kwa maana macho si haki ya jiwe. Lakini mtu asipoona, hapo amekosa kitu kilicho cha umbile lake, na kukosa huko ni ubaya wa kweli. Basi tembo asiyeruka hakupungukiwa na kitu. Lakini kaskazini mwa mji wetu wa Likasi, katika hifadhi ya Upemba iliyoanzishwa mwaka 1939, watu wamewaua tembo kwa ajili ya pembe. Na tembo aliyenaswa mguu katika kitanzi cha waya, asiweze kutembea, huyo amenyang'anywa kilicho chake.

Wazazi wapenzi, somo hili ni letu pia. Baadhi yetu tunamlaumu tembo kwa kutokuwa panzi. Mtoto mmoja ni mwepesi wa hesabu. Ndugu yake ni mzito, lakini ana mikono ya ufundi na moyo wa kumtunza bibi mgonjwa. Tunamwita mjinga mbele ya wageni. Tunadai kwake kitu ambacho Muumba hakukiweka, na kile alichokiweka tunakidharau.

Lakini liko kosa la pili, nalo ni baya zaidi: kuuona waya tukasema ni umbile. Katika nchi yetu hii ya shaba na kobalti wako watoto wanaoosha mawe ya madini na kubeba mifuko mgongoni saa ambayo wenzao wamo darasani. Na wako watu, tena wa kusali, wanaosema, "Ndivyo Mungu alivyompangia." La, hasha! Akili ya mtoto imeumbwa ijifunze. Akikosa masomo, hakosi kama jiwe linavyokosa macho. Anakosa kama kipofu. Waya umefungwa na mikono ya watu: pengine ni umaskini wa nyumbani, pengine ni mnunuzi asiyeuliza mfuko umetoka mgongoni mwa nani, pengine ni sisi jirani tunaonyamaza.

Mwingine atasema, "Je, Kristu hakutufundisha kuuchukua msalaba kwa saburi?" Alitufundisha. Lakini Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko, alipomlilia njiani, Bwana wetu hakumwambia aridhike na giza lake. Alimwita, akamwuliza anataka nini, akampa kuona. Waliomkemea anyamaze ndio waliokosa.

Basi, kabla ya kusema neno juu ya upungufu wa mtu, tujiulize: kitu hiki anachokosa ni haki ya umbile lake au sivyo? Kama sivyo, tumshukuru Mungu kwa alivyomwumba, tusimsumbue. Kama ndivyo, tusimtwike Mungu kosa letu. Tukutane katika jumuiya zetu na parokia, tuhesabu watoto walio nje ya shule katika mtaa wetu, tuone ni nyumba gani inaweza kusaidiwa mwaka huu, hata ikiwa ni moja tu. Waya haukatwi kwa maneno ya kufariji.