Mchelea Mwana Kulia

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Katika mikutano ya wazazi shuleni methali hii haikosi msemaji, na aghalabu anayeitamka ana ombi moja tu: kiboko kirudi. Kwake wahenga wamekwisha kutia sahihi, kilichobaki ni mwalimu kuchapa. Naona anaisoma kinyume.

Fimbo haikutajwa popote katika methali hiyo. Anayesutwa ni mtu mzima, tena anasutwa kwa woga wake. Mtoto hulia kwa mengi: amenyimwa, amekatazwa, ameamriwa arudishe alichochukua. Mzazi asiyestahimili kilio hicho humpa anachotaka ili nyumba itulie, na utulivu wa namna hiyo ni deni la dukani. Siku ya kulipa haisahauliki.

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia katazo hilo. Tangu hapo, kila bweni likiungua, hakosi mtu wa kusema kwamba tulikosea kuondoa kiboko. Lakini Julai 1991, wavulana wa shule ya St. Kizito kule Meru walipovamia bweni la wasichana na wasichana 19 wakafa, kiboko kilikuwa halali. Mwaka 1999, wanafunzi wa Nyeri High walipowateketeza viranja wanne usingizini, kiboko kilikuwa halali vilevile. Anayeamini kuwa fimbo ndiyo iliyokuwa ikizuia maovu ana kazi ya kutueleza miaka hiyo.

Sisemi katazo lilitosha. Mwalimu alipokonywa fimbo, akapewa nini badala yake? Shule nyingi zina mwalimu wa ushauri nasaha, lakini mara nyingi ni mwalimu wa Kemia au Historia mwenye vipindi vyake kamili. Mtoto mwenye shida humwona saa ya mapumziko, kikombe cha chai mkononi, katika chumba cha walimu ambamo kila mtu anasikia. Nani atafungua moyo hapo?

Na kwa kweli kiboko nacho ni kuchelea. Mtoto anachapwa, analia dakika tano, kesi imekwisha, na hakuna aliyelazimika kumkalisha chini na kumuuliza kwa nini anatoroka kila Ijumaa. Kilio ambacho methali inatutaka tukivumilie ni kile kirefu: cha mtoto anayefyeka nyasi za uwanjani huku wenzake wakicheza, au anayesusa chakula nyumbani kwa sababu simu yake imefungiwa kabatini kwa naibu mwalimu mkuu hadi muhula uishe.

Simu hiyo ndiyo huwashinda wazazi wengi. Imeshikwa leo, kesho mama yuko shuleni anamfokea mwalimu mbele ya mwanawe: nani aliyekupa ruhusa, unajua nimeinunua pesa ngapi? Mtoto amesimama kando, macho chini, masikio wazi. Tangu siku hiyo anajua pa kupenyea.

Wazazi wengine hawatokei kabisa. Mwanafunzi akiambiwa asirudi darasani bila mzazi, huenda kituoni akakodi mwendesha bodaboda. Anakuja "mjomba", kizibao cha kazi bado kimemkaa mwilini, anaitikia kila shtaka, na wakati mwingine anamkaripia "mpwa" wake kwa ukali ambao wazazi wenyewe hawana. Walimu huucheka mchezo huo. Mimi hujiuliza baba halisi alikuwa wapi, maana mjomba wa kukodi angalau alifika.

Kumuunga mkono mwalimu si kumfichia makosa. Anayemjeruhi mtoto ashtakiwe, na Tume ya Huduma za Walimu ipo kwa ajili hiyo. Lakini mzazi asiyekubaliana na adhabu amwendee mwalimu faraghani, mtoto asiwepo, kisha nyumbani akazie yale waliyopatana, hata kama chakula kitasuswa siku mbili. Shule kwa upande wake impigie mzazi simu mapema, utoro ukiwa wa kwanza, isimwite siku ambayo barua ya kumfukuza mtoto imekwisha kuchapwa. Na serikali, ambayo ndiyo iliyoondoa fimbo, ina deni lake: impunguzie mwalimu wa ushauri nasaha vipindi, na impe chumba chenye mlango unaofungika.